Mashine ya eko ya kubebeka: picha naipa nyota tano, kitufe cha EF nakipa tatu

Kwa kliniki za huku Mbeya mashine hii, inayopiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, inafaa. Ina umbo la laptopu, prob ya moyo (kifaa cha mkononi kinachowekwa kifuani) inatoa picha safi hata kwa mgonjwa mnene, na umeme ukikatika betri inakuwezesha kumaliza aliye kitandani.

Tatizo langu ni kitufe kinachokokotoa EF chenyewe, yaani asilimia ya damu ambayo chumba cha chini cha kushoto cha moyo kinaitoa kwa kila pigo. Chumba kikijaa mililita 120, kikajikaza zikabaki 50, zimetoka 70: asilimia 58. Kawaida huanzia 52 kwa wanaume na 54 kwa wanawake. Ikiwa 40 au chini, nguvu ya moyo imeshuka. Sasa mashine huchora mstari kuzunguka chumba kwenye picha yoyote utakayoipa, hata iliyokata ncha ya moyo. Prob ikikaa nafasi moja ya mbavu juu zaidi, chumba huonekana kifupi cha mviringo, na ncha iliyoharibiwa na shambulio la moyo haionekani kabisa. Mwenye 35 anaweza kuandikiwa 50, na dawa asipewe.

Ili kuepuka hilo, mlaze mgonjwa ubavu wa kushoto, mkono chini ya kichwa, apumue nje abane. Ncha halisi haichezi sana; ukiona inapanda na kushuka, teremsha prob. Kisha linganisha urefu wa chumba kwenye picha ya vyumba vinne na ile ya vyumba viwili: tofauti ikizidi asilimia 10, rudia. Mimi huongeza kupima mwendo wa pete ya vali ya mitrali (mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto) kwa M-mode, yaani mchoro wa mwendo kwenye mstari mmoja. Ikisogea pungufu ya milimita 10 huku kitufe kinasema 60, siamini kitufe.

Baridi ya Juni na Julai nayo ina lake. Jeli ya kabatini humtetemesha mgonjwa, waya za ECG (kipimo cha umeme wa moyo) zinadaka mtetemo wa misuli, na mashine inachagua fremu, yaani picha moja ya video, isiyo sahihi. Weka chupa ya jeli kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, na blanketi miguuni.

Mapigo yasiyo na mpangilio yanahitaji wastani wa mapigo matano. Kitufe hupima moja tu. Hapo chora kwa mkono. Na waya ya prob ni fupi, kwa hiyo kitanda kisogezwe karibu.