Mfuko wa Kinga Njaa Baada ya Misimu Miwili Kongwa

Wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, mvua hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka, hivyo mahindi yanayovunwa kuanzia Mei hutakiwa kuifikisha kaya hadi mavuno yanayofuata, endapo wadudu kama dumuzi na fukusi hawatayamaliza kwanza. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilinunua kwa pamoja mifuko ya kilo 100 ya tabaka tatu, ambayo wengi huiita kinga njaa, na baada ya misimu miwili naweza kuitolea tathmini.

Teknolojia hiyo, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kwa ajili ya kunde za wakulima wa Kameruni, haihitaji dawa yoyote: mifuko miwili ya nailoni nzito hufungwa mmoja mmoja ndani ya kiroba, na wadudu waliomo huimaliza oksijeni wakafa. Mahindi tuliyoyafunga Julai tuliyafungua Januari yakiwa mazima, bila unga wala vumbi.

Hata hivyo, mfuko hauwasamehe wenye haraka. Mwaka wa kwanza, gunia moja lilivunda kwa sababu mwenzetu aliyafunga mahindi yakiwa bado na unyevu, na unyevu huo ndio unaokaribisha ukungu wa sumukuvu. Sasa hakuna anayefunga kabla ya kutia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, akaitikisa na kuiacha kwa robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi hurudi kwenye turubai. Panya nao huutoboa mfuko, na bei yake ni mara kadhaa ya kiroba cha kawaida.

Kwa maoni yangu, ubora wake huonekana zaidi mikononi mwa kikundi kuliko kwa mtu mmoja mmoja. Mfuko unaofunguliwa kila siku kuchotwa mahindi ya ugali wa jioni huingiza hewa na kupoteza kazi yake, ilhali ulio chumbani humshawishi mwenyewe auze Agosti, bei ikiwa chini, kisha anunue Februari kwa bei ya kuumiza. Sisi tumepanga mifuko yote juu ya chaga katika ghala moja lenye kufuli mbili, na funguo zake zinashikwa na kaya mbili tofauti.

Msimu ujao tutaongeza mifuko kumi, na chupa ya chumvi itashikwa na mwenyekiti mwenyewe, kwa kuwa gunia lililovunda lilikuwa lake.