Mlo mbichi wa paka: kabla ya kuuliza bei, uliza mfupa uko wapi

Kwa miezi minne nilimlisha paka wangu, Zabibu, steki safi ya ng'ombe iliyokatwa vipande vidogo kila asubuhi, nikiamini kwamba mnyama anayeishi kwa nyama hawezi kupewa kitu bora kuliko hicho. Alikuwa na miezi saba alipoanza kuchechemea, na wiki iliyofuata aliruka kutoka dirisha la jikoni, mahali alipozoea kuruka kila siku, akavunjika mguu wa nyuma. Daktari wa mifugo alipoitazama picha ya eksirei hakuuliza ameangukaje, bali aliuliza anakula nini. Nilimjibu kwa fahari kidogo kuwa anakula steki tupu, naye akaniambia kwamba basi ameshiba tumbo na mifupa imelala njaa.

Gramu 100 za nyama nyekundu isiyo na mafuta zina takriban miligramu 200 za fosforasi, ilhali kalsiamu yake ni kama miligramu 10 tu. Paka anahitaji madini hayo mawili yakaribiane, kalsiamu ikizidi kidogo, na ikikosekana chakulani mwili huichota kwenye mifupa yake wenyewe. Paka anayewinda hapati tabu hiyo, kwa kuwa panya huliwa mzima, na mifupa yake imo ndani. Kwa hiyo sitazungumzia rangi ya nyama, harufu wala usafi wa bucha, mambo ambayo kila anayeipikia familia anayajua. Nitapanga vyakula hivi kwa kigezo kimoja, yaani mfupa, ambacho hapa Dar es Salaam sijasikia mnunuzi akikitaja.

Nafasi ya kwanza naipa kuku wa broila mzima, na kwa kuwa sipendi kuficha upendeleo wangu, naeleza wazi kwamba mimi hununua wa Interchick na sina hamu ya kujaribu mwingine, ingawa sina undugu na kampuni hiyo wala sijawahi kupewa hata shingo moja ya bure. Kumnunulia paka kuku mzima kunasikika kama anasa, lakini kidari na mapaja huliwa na familia, na paka hubakiwa na shingo, mgongo na ncha za mabawa, yaani vipande ambavyo watoto wangu huviacha kwenye sahani. Katika shingo yenye ngozi, mfupa ni zaidi ya theluthi moja ya uzito, na mlo wa paka unatosheka mfupa ukiwa sehemu moja kati ya kumi; kwa hiyo mimi huchanganya sehemu tatu za shingo na sehemu saba za nyama, moyo na firigisi. Paka aliyekomaa wa kilo 4 hula takriban gramu 120 kwa siku. Mifupa hiyo ni lazima iwe mibichi, kwa sababu ikipikwa hukauka na kuvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo.

Najua nitawaudhi wengi nikisema kwamba kuku wa kienyeji, fahari ya kila sherehe, hafai kwa kazi hii. Ameishi muda mrefu na mifupa yake imekomaa, kama ilivyo kwa kuku wa mayai wanaouzwa baada ya kuacha kutaga, ilhali broila huchinjwa akiwa na wiki chache tu na shingo yake hutafunika bila taabu.

Nafasi ya pili ni moyo wa ng'ombe. Moyo una taurini kwa wingi, kirutubisho ambacho paka hawezi kujitengenezea cha kutosha, na ambacho kikikosekana macho hupofuka na moyo wake hutanuka na kulegea. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walilithibitisha hilo la moyo mwaka 1987. Hata hivyo moyo hauna mfupa, na anayeulisha peke yake atarudia kosa langu la steki. Dawa yake ni ganda la yai lililooshwa, likakaushwa na kusagwa mpaka likawa unga laini, nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya nyama isiyo na mfupa.

Maini yanahitajika, lakini kwa kiasi kisichozidi gramu 6 kwa siku, kwa sababu vitamini A hujilimbikiza mwilini na ikizidi kwa muda mrefu huotesha mifupa ya ziada shingoni mpaka paka ashindwe kujilamba. Samaki nawaweka chini, japo najua soko la samaki la Feri liko karibu na paka wote wa mjini wanalifahamu, kwani baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Dagaa wa Zanzibar huchemshwa katika maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na wa Mwanza mara nyingi huja na mchanga wa ufukweni. Mapafu na utumbo ni rahisi kwa bei, na urahisi ndiyo sifa yao pekee.

Chagua chochote, lakini kumbuka kwamba kugandisha hakuui bakteria wa salmonela. Osha mikono na vyombo kwa sabuni, na mjamzito asishughulikie nyama hii.

Linaloniudhi zaidi ni wauzaji. Katika duka moja la vyakula vya kugandishwa nilinunua kilo moja ya firigisi na mioyo ya kuku, barafu ilipoyeyuka mizani yangu ikasoma gramu 740, na mioyo niliyoihesabu ilikuwa miwili. Bucha la mtaani nalo huniuzia mfuko unaoitwa nyama ya paka, ambao ukiufungua ni ngozi, mafuta na utando, bila mfupa hata mmoja, kana kwamba paka ni jalala. Muuza kuku wangu wa sokoni, aliyekuwa akinipa shingo kama nyongeza, alipogundua kwamba ndizo ninazozifuata alizipandisha bei mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na nilipolalamika alinijibu kwa utulivu kabisa, "Mama, paka wako ndiye aliyezipandisha."

Zabibu sasa ana miaka mitatu. Mguu uliunga kwa kupinda kidogo, na dirishani haruki tena. Hushukia kwanza kwenye kiti, akatulia, kisha akateremka sakafuni.