Shati Lipi Ununue Kwanza

Kama unanunua shati moja tu, la kuvaa kazini na kwenye matembezi, chukua la kitambaa cha pamba kiitwacho oksfodi, lenye vifungo kwenye kola, rangi ya bluu isiyokoza. Naliweka nafasi ya kwanza bila kusita. Nyuzi zake ni nene kidogo, kwa hiyo halionyeshi mwili wala halijikunji ovyo, na vile vifungo viwili vidogo huishika kola ikae sawa hata bila tai. Wachezaji wa polo wa Uingereza walifunga kola zao hivyo zisiwapige usoni farasi akikimbia. Kampuni ya mavazi ya Brooks Brothers ya Marekani ikaanza kuuza mashati ya namna hiyo karibu na mwaka 1900.

La pili ni jeupe la poplini, kitambaa laini cha pamba, mikono mirefu. Hili ni la suti, usaili na harusi. Limeshika nafasi ya pili kwa sababu bila pasi halivaliki, na mengi ni mepesi mno. Ingiza mkono ndani ya shati: ukiona vidole vyako wazi, lirudishe. Na chini yake vaa fulana ya rangi inayokaribia ngozi yako, maana nyeupe ndiyo inayoonekana zaidi.

La tatu, shati la polo, lile la mikono mifupi lenye kola laini, ambalo mcheza tenisi Mfaransa René Lacoste alilileta kwenye tenisi mwaka 1926. Kola ndiyo huchoka kwanza. Ikunje kwa vidole uiachie. Ikibaki imelala, achana nayo.

La nne ni la kitani. Kwenye joto halina mpinzani, ila litajikunja tu, na asiyependa mikunjo asilinunue. La mwisho kabisa ni lile la poliesta tupu linalong'aa: kwenye jua utaloa jasho, na harufu huganda humo hata ukilifua.

Kabla ya kulipa, tazama pindo. Likiwa limepinda kama upinde, na nyuma refu kuliko mbele, limeshonwa lichomekewe. Ukiliachia nje utaonekana umevaa haraka haraka. Pindo lililonyooka ndilo la kuachia, nalo liishie karibu na katikati ya zipu ya suruali.

Kisha lijaribu. Mshono wa bega ukae juu ya mfupa wa bega, usishuke mkononi. Funga kifungo cha juu: vidole viwili viingie shingoni bila kusukuma. Mikono mirefu ifike kwenye kifundo cha mkono. Halafu kaa kwenye kiti, maana wengi hujipima wakiwa wamesimama tu. Vifungo vya tumboni vikiachana hadi ngozi ionekane, linakubana.

Ukisita kati ya saizi mbili, chagua ile inayokutosha mabegani hata kama ubavuni inapwaya. Fundi hupunguza ubavu kwa muda mfupi, lakini kurekebisha bega ni kazi ya kufumua mikono yote miwili.