Kofia mbili za kinga, na bondia aliyezificha nywele zake ndani ya moja

Kwa muda wa miezi saba nimezijaribu kofia mbili za kinga ya kichwa pamoja na wasichana 12 ninaowafunza ndondi za ridhaa jijini Nairobi. Ya kwanza hufunika mashavu na sehemu ya kidevu, na niliinunua kwa shilingi 7,800. Ya pili huacha mashavu wazi, kama zile zinazovaliwa katika mashindano, nayo ilinigharimu shilingi 4,500. Miundo hii miwili huuzwa madukani kwa nembo nyingi zinazotofautiana rangi na maandishi tu, kwa hiyo nitaupima muundo, na nembo nitaziacha. Niseme mapema kwamba niliianza kazi hii nikiipendelea ile ya bei ghali, kwa sababu ukiishika mkononi unahisi kana kwamba umeshika mto, na mzazi anayemleta binti yake kwa mara ya kwanza hutaka kuona mto.

Kabla ya kuzihukumu, ni vyema kueleza kazi ya chombo chenyewe. Kofia ya kinga hupunguza michubuko, mipasuko juu ya nyusi, uvimbe wa masikio na madhara ya vichwa kugongana kwa bahati mbaya. Haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu pale kichwa kinapozungushwa ghafla na konde, hata kama sponji yake ni nene kiasi gani. Muuzaji anayekuambia kwamba kofia yake inazuia mtikisiko wa ubongo anakuuzia jambo asilokuwa nalo, na nilimsikia mmoja akilisema hilo bila kupepesa jicho.

Wasichana wangu huuliza kwa nini ninalishughulikia suala la kofia kuliko hata glavu. Huwajibu kwa kuwasimulia habari za Katie Taylor wa Bray, mji wa pwani ulio kusini mwa Dublin nchini Ireland. Alipokuwa mtoto, ndondi za wanawake hazikuwa zimeidhinishwa nchini mwake. Jina lake likaandikwa K. Taylor, nywele zikafichwa ndani ya kofia ya kinga, naye akapanda ulingoni kupigana na wavulana. Kofia ilipovuliwa baada ya pambano ndipo watu walipotambua kwamba aliyekuwa akirusha makonde yale ni msichana. Tarehe 31 Oktoba 2001, akiwa na umri wa miaka 15, alishinda pambano la kwanza la wanawake kuidhinishwa rasmi nchini Ireland, katika ukumbi wa National Stadium, Dublin. Kwa hiyo chombo ambacho wengi wetu tunakiona kama ngao tu, kwake kilianza kama pazia.

Hilo la nywele ndilo jaribio la kwanza nililofanya, na matokeo yake yalinishangaza. Kofia ya bei ghali ina utosi wa kipande kimoja kilichoshonwa, kisichopanuka. Msichana mwenye nywele fupi aliivaa bila shida, lakini mwenye rasta alilazimika kuzibana kwa nyuma, na kofia ikainuka mbele kiasi kwamba ukingo wake ulikaa sentimita mbili juu ya mahali unapopaswa kukaa. Pambano la mazoezi lilipoanza ilizunguka kichwani, na mara mbili ilimziba jicho la kushoto kabisa. Kofia ya bei nafuu ina kamba utosini na mkanda wa kunata kisogoni, kwa hiyo huweza kulegezwa juu na kukazwa nyuma. Aliyesukwa mistari na mwenye rasta wote waliivaa, ingawa mwenye rasta alihitaji mtu wa kumfunga. Inaelekea watengenezaji wengi bado huipima bidhaa yao kwa kichwa cha mwanamume aliyenyoa.

Jaribio la pili lilihusu macho, na hapa ndipo nilipobadilisha mawazo. Nilimsimamisha kila msichana akitazama ukutani, nikausogeza mpira wa tenisi polepole kutoka nyuma ya bega lake hadi aseme ameuona. Wote 12 waliuona mapema zaidi wakiwa na kofia ya mashavu wazi. Baadaye niliusogeza kutoka chini, usawa wa kifua, kuelekea kidevuni, na hapo tofauti ilikuwa kubwa zaidi: mto wa shavu hukata sehemu ya chini ya upeo wa macho, ndipo konde la kutoka chini linapopita. Katika mapambano ya mazoezi niliona jambo jingine ambalo mpira haungeweza kulionyesha. Wasichana waliovaa kofia nene waliteremsha mikono. Waliuamini ule mto, wakasimama mahali ambapo wangehama, na wakapigwa makonde mengi kuliko kawaida yao. Kichwa chenyewe pia huwa kimeongezeka ukubwa, na konde ambalo lingepita hewani hugusa sponji.

Katika ndondi za ridhaa, konde moja ambalo bondia hakuliona linaweza kuamua rangi ya medali. Fainali ya Taylor katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012, uzito wa kilo 60, dhidi ya Sofya Ochigava wa Urusi, ni mfano ambao huwa nawaonyesha wasichana hatua kwa hatua. Wakati huo wanawake walipigana raundi nne za dakika mbili mbili, na majaji walihesabu makonde kwa kubonyeza vitufe. Raundi ya kwanza iliisha 2-2. Baada ya raundi ya pili Ochigava alikuwa mbele 4-3. Ochigava alikuwa bondia wa kusubiri, anayemwacha mwenzake aingie kisha amwadhibu akitoka, na katika raundi ya tatu Taylor akapata pointi nne huku mwenzake akipata moja, hesabu ikawa 7-5. Pambano likaisha 10-8. Ukizigawa pointi hizo kumi kwa dakika nane za mapigano, unapata wastani wa konde moja na robo tu linalohesabiwa kila dakika. Mtu anayepigana kwa hesabu ya namna hiyo hawezi kukubali kupoteza hata upana wa kidole kimoja wa macho yake.

Suala la masikio ni dogo, lakini lina uzito kwa kocha anayesimama kwenye kona. Kofia nene ina tundu dogo la sikio lililozungukwa na sponji, na wasichana waliniambia kwamba sauti yangu iliwafikia kama ya mtu anayeongea ndani ya tangi. Ile nyingine ina uwazi mpana. Katika robo fainali ya London, Taylor alipomshinda Natasha Jonas wa Uingereza kwa pointi 26-15, kelele za mashabiki katika ukumbi wa ExCeL zilipimwa na kuzidi desibeli 113. Kumbi zetu hazifiki huko, ingawa anayefahamu jinsi spika za mshereheshaji zinavyonguruma katika mashindano ya mtaani ataelewa ninachosema.

Sasa nije kwenye uimara, kwa kuwa klabu ya ridhaa hainunui kofia kila mwaka. Nilizipima kwa mizani ya jikoni: nene ilikuwa na gramu 610 ikiwa kavu, nyepesi gramu 380. Baada ya saa moja ya mazoezi, ile nene iliongezeka kwa gramu 70 za jasho, na ilihitaji karibu siku nzima kukauka kivulini. Kuianika juani ni kuiharibu, maana ngozi bandia hukakamaa na kupasuka. Klabu ambayo kofia moja huvaliwa na wasichana watatu kwa zamu haiwezi kungoja siku nzima, na kofia isiyokauka hunuka, kisha huleta vipele kwenye paji la uso. Kufikia mwezi wa nne ngozi yake ilikuwa imeanza kubanduka juu ya nyusi, mahali pale pale panapopokea makonde mengi. Kwa shilingi 7,800 nilitarajia zaidi.

Kofia nyepesi nayo haikutoka bila doa. Mkanda wake wa kunata ulijaa nyuzi na nywele, na katika mwezi wa tano ukawa unaachia katikati ya raundi. Mshono wa mkanda wa kidevu pia ulifumuka. Niliirudisha dukani nikiwa na risiti, nikaambiwa kwamba bidhaa ikishavaliwa hairudishwi, jibu ambalo sikuelewa lingewezaje kumfaa mnunuzi wa kofia. Nikampelekea fundi viatu, akashona mkanda upya kwa uzi wa nailoni na kunitoza shilingi 150. Mshono wake umedumu kuliko ule wa kiwandani. Ushauri wangu ni kwamba ukiinunua, ipitishe kwa fundi kabla ya kuivaa, na uuchambue ule mkanda wa kunata kila wiki kwa kitana chenye meno ya karibu.

Kwa nini nimekazania hivyo kifaa kimoja? Kwa sababu msichana anayedumu katika ndondi za ridhaa huishi ndani yake. Taylor alitwaa ubingwa wa dunia mara tano mfululizo: New Delhi mwaka 2006, Ningbo 2008, Bridgetown 2010, Qinhuangdao 2012 na Jeju 2014. Alikuwa pia bingwa wa Ulaya mara sita. Katika mapambano hayo yote alivaa kofia, nyekundu au buluu kulingana na kona aliyopangiwa. Mwaka 2013 chama cha kimataifa kiliwavua kofia wanaume wa kiwango cha juu, na katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 wanaume walipigana vichwa wazi kwa mara ya kwanza tangu Moscow mwaka 1980. Wanawake wakabaki nazo, kwa maelezo kwamba utafiti uliokuwapo haukuwahusu vya kutosha. Hata Paris mwaka 2024 bado walizivaa. Mimi siwezi kusema uamuzi huo ni mbaya, lakini sababu yake inaudhi: miaka inapita, medali zinagawanywa, na kichwa cha mwanamke bado hakijachunguzwa kiasi cha kuamuliwa jambo lake kwa ushahidi wake mwenyewe.

Huko Rio ndiko kazi ya ridhaa ya Taylor ilikofikia ukingoni. Aliondolewa katika robo fainali na Mira Potkonen wa Finland kwa uamuzi wa majaji uliogawanyika, na miezi mitatu baadaye, tarehe 26 Novemba 2016, alipanda ulingoni Wembley kama bondia wa kulipwa, dhidi ya Karina Kopinska wa Poland. Kichwa kilikuwa wazi, na alishinda katika raundi ya tatu. Wasichana wangu hupenda kuzilinganisha picha hizo mbili, ya kabla na ya baada. Hupenda zaidi, lakini, picha za Christine Ongare, ambaye katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Gold Coast mwaka 2018 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata medali ya ndondi katika michezo hiyo, medali ya shaba. Huyo wanamwona kama mtu wa kwao. Mmoja aliitazama picha yake kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama kofia aliyoivaa ni ya mashavu wazi. Ndiyo, ni ya mashavu wazi.

Kwa hiyo, kama una shilingi 7,800 na binti anayetaka kushindana, nunua kofia ya mashavu wazi ya shilingi 4,500, mpe fundi viatu shilingi 150, na pesa zilizobaki zitafute kinga nzuri ya meno na bendeji za mikono. Kabla ya kulipa, mwambie aivae akiwa na nywele alizosuka, atikise kichwa kushoto na kulia, kisha atazame miguu yake bila kuinama. Kama hawezi kuona vidole vya viatu vyake, irudishe kwenye rafu. Ile nene ninaiona inafaa katika hali mbili tu: wiki za mwanzo kabisa, wakati anayeanza bado hufumba macho kila anaporushiwa konde, na kwa mtu anayerudi mazoezini baada ya kuumia pua au shavu. Klabu moja inahitaji moja ya namna hiyo, si zaidi.

Yangu sasa ninaivaa mimi mwenyewe ninapowashikia pedi wasichana wa uzito wa juu, ambao wakikosea pedi hunipata sikioni. Kwa kocha wa umri wangu, asiyehitaji kuona kilicho chini ya kidevu chake, inafaa kabisa.