Kituo atamizi cha chuo hapa Tabora: maabara nzuri, kalenda isiyofaa

Kijana anayefungasha asali hapa Tabora, kabla ya kujiunga na kituo atamizi chochote cha chuo, yaani kituo cha kulea biashara changa, aulize kwanza kama kina kipima unyevu. Hiki tulichojiunga nacho mimi na mwenzangu kinacho, tena kina mtu anayejua kukitumia. Mtaalamu wa maabara alidondosha tone la asali yetu ya Sikonge kwenye kioo cha kifaa, akatuonyesha kipimo kikipita kidogo asilimia 20, ambayo ndiyo kikomo cha kawaida cha viwango vya Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kisha akatueleza kwamba asali yenye maji zaidi ya hapo huweza kuchacha hata ikiwa kwenye chupa iliyofungwa vizuri, na kwamba kuichemsha ili ikauke huiharibu kwa namna nyingine, ambayo nayo maabara huigundua. Tangu hapo hatununui masega ambayo nyuki hawajayaziba kwa nta. Kwa huduma hii peke yake kituo kinastahili sifa.

Usajili wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, walituelekeza vizuri, na njia ya kupitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, hadi TBS, shirika la viwango, pia.

Tatizo ni kalenda. Mavuno makubwa ya asali ya miombo huja baada ya masika, wakati ambapo chuo kinaelekea kwenye mitihani na likizo ndefu, hivyo maabara hufungwa pale madumu yanapoanza kuingia mjini. Miezi ambayo hatuna asali ya kupima ndiyo tunayojazwa mafunzo ya kuwasilisha wazo mbele ya majaji kwa dakika chache, kana kwamba kila kampuni changa ni programu ya simu inayosubiri mwekezaji wa Dar es Salaam. Kituo atamizi kinachotajwa kuwa cha kwanza duniani, kile cha Batavia katika jimbo la New York mwaka 1959, kilianza kwa kukodisha vyumba vya kiwanda kilichofungwa na kuwapa wapangaji huduma za pamoja. Nafasi na vifaa ndivyo tunavyovihitaji na sisi.

Lipo pia suala la mtaji, ambalo linaniuma zaidi. Kituo kinamsukuma kila mshiriki asajili kampuni, ilhali mkopo ulio karibu na kijana wa hapa, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ambamo vijana wametengewa asilimia 4, hutolewa kwa vikundi. Tumekutana na wenzetu waliomaliza programu wakiwa na cheti cha kampuni mkononi, wakaambiwa na afisa maendeleo ya jamii waanze upya kuunda kikundi. Jambo hilo lilipaswa kusemwa wiki ya kwanza.

Kwa anayesindika asali, karanga au uyoga, napendekeza ajiunge, lakini kabla ya kujaza fomu apate jibu la maandishi kuhusu nani atakuwa na ufunguo wa maabara mwezi Julai.