Corsair RM750e: pawasaplai iliyonimalizia tatizo la kompyuta kujirestati

Wenye haraka nawapa jibu mapema: kama desktopu uliyoiunga mwenyewe inakata ghafla na kujiwasha upya, hakuna skrini ya bluu, hakuna ujumbe wowote, na inapenda kufanya hivyo gemu likinoga, ichunguze pawasaplai, yaani kile kiboksi kinachogawa umeme kwa vifaa vyote ndani ya kompyuta, kabla hujakimbilia kununua RAM (kumbukumbu ya muda) mpya. Mimi nimefunga hii RM750e na mashine imetulia kabisa, naipiga kazi nzito mchana na usiku haijarestati tena.

Ile iliyotoka, jina siitaji, ilikuwa ya wati 600 na ina stika ya 80 PLUS vizuri tu. Hapo ndo wengi wanaingia chaka jamani, ile stika inapima ufanisi basi, yaani umeme unaovutwa ukutani ni kiasi gani unafika kwenye vifaa na kiasi gani unaishia kuwa joto, haikwambii pawasaplai inajibu vipi ikipigwa mzigo wa ghafla. Na GPU (kadi za picha) za siku hizi ndo tabia yao hiyo, kuvuta mzigo wa ghafla. Kadi imeandikwa wati 250, sawa, lakini kwa kipande kidogo mno cha sekunde inaweza kuvuta karibu mara mbili yake halafu ikashuka, programu za kusoma wati wala hazioni maana zenyewe zinasoma polepole, ila pawasaplai inaona. Ikizidiwa kuna mawili: ama ulinzi wake unakata na mashine inabaki imezima mpaka uzime swichi ya nyuma uiwashe tena, ama ile volti 12 inayumba, waya wa kijivu kwenye plagi ya pini 24 unaacha kuiambia madabodi (ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote) kwamba umeme uko sawa, na madabodi inarestati papo hapo. Yangu ilikuwa hiyo ya pili.

Nilijuaje? Event Viewer, ile programu ya Windows inayoweka kumbukumbu za matukio, ilikuwa imejaa kosa la Kernel-Power 41, na hiyo peke yake haimaanishi pawasaplai imekufa, inasema tu kwamba Windows ilizimika bila kufungwa vizuri. Fungua details uangalie BugcheckCode, kama ni 0 basi Windows haikupata hata muda wa kuandika kosa, mara nyingi ujue umeme umekatika au mashine imeresetiwa. Ukikuta na WHEA-Logger pembeni, yaani ripoti za makosa ya vifaa vyenyewe, hapo geukia prosesa, RAM na mambo ya overklok (kukimbiza vifaa kupita kasi yao ya kawaida) kwanza. Memtest86+, programu ya kupima RAM, niliiacha usiku kucha kwenye flashi, haikutoa kosa hata moja, XMP (mpangilio wa kuipandisha RAM kasi) nikaizima hali ni ile ile, joto la prosesa na la GPU lilikuwa la kawaida tu. Hata ule waya wa kitufe cha reset cha kesi niliuchomoa kwenye madabodi, maana kitufe kikiwa kinagusa chenyewe kinarestati mashine kama kawaida na utahangaika sana. Kilichonipa jibu ni kushusha power limit ya GPU, yaani kikomo cha umeme inaoruhusiwa kuvuta, mpaka asilimia 70 kwa programu ya MSI Afterburner, haikunigharimu chochote, kurestati kukakoma, nikirudisha 100 tatizo linarudi. Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote.

Sasa RM750e yenyewe. Nilichokuwa natafuta ni ATX 3.0, kiwango cha utengenezaji wa pawasaplai ambacho Intel walikitoa 2022, na kwa kiwango hicho pawasaplai ya wati 750 inatakiwa ihimili mpaka wati 1500 kwa maikrosekunde 100, yaani ile mishtuko ya GPU imeshapigiwa hesabu toka kiwandani. Ukinunua soma boksi, iwe imeandikwa ATX 3.0 au 3.1. Kebo zote zinachomoka, unachomeka unazohitaji tu na kesi inabaki nafasi ya kupumua. Feni haizunguki mzigo ukiwa mdogo, kwa hiyo usishtuke ukadhani ni mbovu, iko kimya kweli kweli na mimi hilo nimelipenda sana. Waranti ni miaka 7, kaka yake RM750x ana 10, na kama hela inaruhusu mimi ningesema panda tu, pawasaplai ni kitu cha kukaa nacho muda mrefu.

Wakati wa kufunga naomba mzingatie hili: kebo za pawasaplai ya zamani zitoe ZOTE, usiache hata moja hata kama plagi inaingia vizuri, maana upande wa pawasaplai kila kampuni inapanga pini zake inavyotaka na unaweza kuunguza diski au madabodi. Na GPU yenye plagi mbili za pini 8 ipe kebo mbili tofauti, kila plagi kwa kiwango ni wati 150, usitumie kebo moja yenye vichwa viwili.

Ila kama yako inarestati ikiwa imekaa tu haina kazi, na prosesa yake ni Ryzen ya AMD hasa zile za mwanzo, usinunue chochote kwanza. Apdeti BIOS, ile programu ya madabodi inayoamka kabla ya Windows, kisha humo tafuta Power Supply Idle Control uiweke Typical Current Idle, uitazame hivyo siku kadhaa.