Vijiti vya mtandao vipo, simu inakatika: miaka miwili na laini yangu

Laini hii ninayo mwaka wa pili sasa. Kampuni siitaji kwa jina, maana ninayoyaeleza hapa wengi mnakutana nayo kwenye laini zenu pia. Nikiwa nje, mchana, sina neno nayo: ramani inafunguka, video haizunguki, ujumbe unafika papo hapo. Shida ni ndani ya nyumba, na shida ni jioni.

Chumba changu kiko katikati ya nyumba, kuta za zege pande zote. Kwa miezi mingi simu yangu ililala dirishani sebuleni, maana huko ndiko ilikoshika mtandao. Usiku mmoja dada yangu alinipigia akiwa hospitalini na mama. Nikasikia "daktari amesema", kisha kimya. Kutazama kioo, 4G, vijiti vitatu kati ya vinne. Nikapiga, hapatikani. Nikarudia, ikaita mara moja ikakatika. Nilitoka nje mbio, nikampata baada ya kama dakika kumi. Mama alikuwa anaendelea vizuri, lakini dakika zile sijazisahau mpaka leo.

Kuanzia usiku ule nikaanza kufuatilia. La kwanza nililojifunza ni kwamba vijiti si kipimo cha kutegemea, kwa sababu kila mtengenezaji wa simu hujiamulia kijiti kimoja kina maana gani. Namba yenyewe imo kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, kwenye hali ya laini. Huandikwa kwa dBm, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi, na ni hasi. Kwa 4G, hasi 85 ni nzuri sana, hasi 100 inatosha, ukifika hasi 115 uko ukingoni. Na kila inaposhuka kwa 10, nguvu ya mawimbi inabaki moja ya kumi. Mimi dirishani nilisoma hasi 97, kitandani hasi 117. Hatua nane tu, na mawimbi yamebaki moja ya mia! Hapo nikaelewa pia kwa nini chaji iliisha haraka nikiwa chumbani: mawimbi yakiwa hafifu, simu hulazimika kurusha kwa nguvu zaidi ili mnara uisikie.

Lakini lawama zote hazikuwa za mnara, na hili nalisema wazi kwa sababu nililalamika sana kabla ya kulijua. Mawimbi ya simu hurushwa kwa masafa mbalimbali, na masafa ya chini, kama megahezi 700 au 800, husafiri mbali na hupenya kuta kuliko ya 1800 au 2600. Mtandao wangu unatumia 700. Simu yangu ya zamani haikuwa na masafa hayo kabisa, kwa hiyo mawimbi yaliyoweza kufika kitandani yalikuwa yanapita tu na simu haiyaoni. Nilikuja kubadilisha simu baada ya kioo kupasuka, na safari hii nikasoma orodha ya masafa kabla ya kuangalia kamera. Kitandani palepale sasa nasoma hasi 104.

Kilichobadilisha maisha zaidi ni VoLTE, yaani sauti kupita juu ya 4G yenyewe. Simu isiyo nayo ikipigiwa, inateremka kwanza kwenye 3G au 2G ndipo muongee. Usiku ule vijiti nilivyoviona vilikuwa vya 4G, wakati maongezi yalikuwa yamepita kwenye 3G, ambayo kwangu ni dhaifu. Hata baada ya kununua simu mpya, VoLTE haikuwaka yenyewe. Niliwapigia huduma kwa wateja mara tatu. Wa kwanza na wa pili waliniambia nizime simu niwashe. Wa tatu alielewa ninachouliza, akaiwasha upande wao, na siku ileile sauti ikawa safi na simu inaita bila kusubiri. Kama simu yako inateremka 3G kila ukipiga, uliza hilo moja kwa moja, kwa jina lake.

Kilichobaki ni cha kampuni. Saa mbili usiku namba kitandani ni ileile ya mchana, ila kasi inaporomoka: mchana napata megabiti 30 kwa sekunde, usiku 2, mara nyingine chini ya hapo. Huo ni msongamano. Mnara mmoja unagawa uwezo wake kwa kila aliye chini yake, na watu wameongezeka bila uwezo kuongezwa.

Sasa wanatutangazia 5G. Naipenda, na nitaitumia. Lakini masafa yake yanayotumika sana, yale ya karibu na megahezi 3500, yana kasi kubwa na hayapendi kuta. Mtu wa chumba cha ndani kama mimi hatafaidika sana nayo ikija peke yake. Ningeomba kwanza waongeze masafa kwenye minara iliyopo, na minara ambayo bado haina nyaya za faiba waifikishie. Na siku watakapotaka kuzima 3G, kama kampuni kubwa za Marekani zilivyofanya mwaka 2022, wahakikishe kwanza kila mteja ana simu inayopiga kwa VoLTE. Mama yangu bado anatumia simu isiyo nayo, na ndiye mtu ninayempigia kuliko wote.

Natoa nyota 3 kati ya 5. Kabla ya VoLTE ningetoa moja. Ya nne nitaiongeza nikiweza kumpigia mama kwa video saa mbili usiku, nikiwa kitandani, uso wake usigande.